Ari ya Askari Mahali Pasipo na Macheo: Maisha ya Kila Siku katika Kituo cha Alert

Kwenye ukingo wa kaskazini wa kisiwa cha Ellesmere, katika eneo la Nunavut nchini Kanada, kipo kituo cha kijeshi kiitwacho Alert. Hakuna mahali pengine duniani panapokaliwa na watu mwaka mzima palipo kaskazini zaidi ya hapo. Kituo hicho kipo kwenye latitudo ya nyuzi 82 na dakika 30, kilomita 817 tu kutoka Ncha ya Kaskazini, na zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ottawa, mji mkuu wa nchi inayokimiliki. Hakuna barabara inayofika huko, wala meli haitegemewi, kwa kuwa Bahari ya Lincoln iliyo mbele yake hufunikwa na barafu karibu mwaka wote. Kila kinachotumika pale, kuanzia mafuta ya jenereta hadi kitunguu cha jikoni, hufika kwa ndege.

Msomaji anayekutana na habari za kituo kama hiki kwa mara ya kwanza huuliza kuhusu baridi, na ana haki ya kuuliza, maana wastani wa joto la mwezi Februari ni kama nyuzi 33 za selsiasi chini ya sifuri, na hata mwezi Julai wastani huo huzidi sifuri kwa nyuzi chache tu. Hata hivyo, baridi ndiyo shida iliyopatiwa ufumbuzi mapema zaidi. Nguo zinazofaa zipo, kuta ni nene, jenereta hazizimwi, na hakuna anayetoka nje wakati wa dhoruba bila wenzake kujua anakoelekea. Jambo linalowapa makamanda kazi kubwa zaidi ni ari ya watu wao, yaani ile hali ya mtu kuamka akiwa bado anaona sababu ya kufanya kazi yake vizuri na kuishi vyema na wenzake. Ninashikilia kwamba ari hiyo haitokani na ushujaa wa mtu mmoja mmoja. Hutokana na mambo ya kawaida yanayotegemeka, na kila moja kati ya hayo, kwa sababu ya mahali kituo kilipo, ni gumu kulipata kuliko mtu anavyoweza kufikiri.

Historia ya kituo husaidia kueleza kwa nini watu wapo huko kabisa. Jina lake lilitokana na HMS Alert, meli ya Uingereza iliyopitisha majira ya baridi ya 1875 hadi 1876 karibu na hapo, katika msafara ulioongozwa na George Nares. Mwaka 1950 Kanada na Marekani zilianzisha kituo cha hali ya hewa, na mwaka huohuo, tarehe 31 Julai, ndege ya kijeshi aina ya Lancaster iliyokuwa ikidondosha vifaa ilianguka na kuua watu 9 waliokuwemo. Jeshi la Kanada lilianza kazi yake pale mwaka 1958, na kazi hiyo ilikuwa kunasa mawasiliano ya redio ya Umoja wa Kisovyeti. Mahali palichaguliwa kwa sababu ya jiografia. Njia fupi kati ya Urusi na Amerika ya Kaskazini hupita juu ya ncha ya dunia, na mtu aliyeko Alert huwa karibu mno na upande wa pili, akisikia mawimbi ambayo hayafiki kusini.

Wakati wa Vita Baridi kituo kilikuwa na watu zaidi ya 200. Katika miaka ya 1990 teknolojia iliwezesha mitambo ya kusikiliza kuendeshwa kutoka Leitrim, karibu na Ottawa, na idadi ya wakazi ikapunguzwa sana. Tangu mwaka 2009 kituo kipo chini ya Jeshi la Anga, kikisimamiwa kutoka kambi ya Trenton katika jimbo la Ontario. Leo wanaoishi pale ni makumi tu ya watu: wanajeshi, wafanyakazi wa mkataba kama wapishi na mafundi wa mitambo, na wataalamu wachache wa idara ya mazingira. Wanajeshi wengi huenda kwa zamu ya miezi kadhaa, mara nyingi sita, na huenda bila familia zao.

Kupungua huko kwa watu kuliboresha bajeti, lakini kulibadilisha maisha kwa namna ambayo haielezwi mara kwa mara. Katika kituo cha watu 200, wawili waliokosana wanaweza kupishana kwa wiki nzima bila kulazimika kukaa meza moja. Katika kituo cha makumi ya watu haiwezekani: fundi uliyegombana naye asubuhi ndiye atakayekuwa mbele yako kwenye foleni ya chakula mchana, na jioni mtakutana tena ukumbini. Vilevile, askari wa mwaka 1970 alikuwa mwenyewe amevaa vifaa vya masikioni, akisikiliza na kuandika, na ingawa hakuruhusiwa kumweleza mkewe, yeye alijua alichokuwa akifanya. Askari wa leo, kwa sehemu kubwa, hutunza majengo, uwanja wa ndege na umeme ili mtu mwingine aliye mbali aweze kusikiliza. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini matokeo yake hayaonekani machoni pa anayeifanya, na kamanda anayepuuza kuwaeleza watu wake jinsi kazi yao inavyotumika anawanyima chakula muhimu kuliko nyama.

Katika hilo, wapima hewa wana bahati. Gesi ya kaboni dioksidi imekuwa ikipimwa Alert tangu mwaka 1975, na mwaka 1986 pakafunguliwa kituo maalumu cha kuchunguza angahewa, ambacho sasa kinaitwa kwa jina la Dkt. Neil Trivett. Hewa ya pale ipo mbali na viwanda na magari, hivyo hutumika kama kipimo cha hali ya msingi ya angahewa ya upande huu wa dunia. Mtu anayetembea gizani kwenda kuchukua sampuli ya hewa anajua kwamba namba atakayoiandika itaungana na namba za miaka mingi kabla yake. Naamini ufahamu wa namna hiyo una nguvu kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo.

Shida iliyo ngumu kuliko zote kuielewa kwa mtu wa nchi za joto ni ile ya wakati. Alert jua huzama katikati ya Oktoba na halichomozi tena hadi mwishoni mwa Februari. Kisha kuanzia mapema Aprili hadi mapema Septemba halizami kabisa. Katikati ya Desemba, hata saa sita za mchana, jua huwa takriban nyuzi 16 chini ya upeo wa macho, kina kinachotosha kuufanya mchana uwe usiku. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tunahesabu saa kuanzia macheo, na hesabu hiyo haitupotezi sana mwezi wowote wa mwaka. Huko hesabu hiyo hukosa pa kuanzia kwa zaidi ya miezi minne. Mwezi nao hufuata kanuni zisizozoeleka: wakati wa giza, mwezi unapokaribia kuwa mpevu, hukaa angani kwa siku kadhaa mfululizo ukizunguka bila kuzama, na theluji huuakisi mwanga wake kiasi cha watu kuweza kutembea nje bila taa. Saa za ukutani hufuata saa za Ottawa, kwa kuwa makao makuu yapo upande huo, na mtu angeweza kuzisogeza mbele au nyuma kwa saa tano bila kitu chochote nje ya dirisha kumpinga.

Mwili, kwa upande wake, haukubali kwa urahisi saa ya makubaliano. Ndani ya ubongo kuna kundi dogo la seli linaloongoza mzunguko wa usingizi, joto la mwili na homoni, na kwa watu wengi mzunguko huo wa ndani ni mrefu kidogo kuliko saa 24. Katika maisha ya kawaida mwanga wa asubuhi unaoingia machoni huurekebisha kila siku, na giza la jioni huruhusu homoni ya melatonini ipande na kuleta usingizi. Mwanga wa asubuhi ukikosekana kwa wiki nyingi, kila mtu huanza kuteleza kivyake: mmoja analala saa kumi za usiku, mwingine anaamka saa nane za usiku na kukaa macho hadi kazi ianze. Kiangazi huleta kinyume chake, kwa sababu jua la saa sita za usiku huizuia melatonini isipande, na watu hujikuta wakitembea nje, wakifanya matengenezo au wakizungumza hadi saa ambazo mwili ungepaswa kupumzika. Kwa hiyo madirisha huzibwa kwa mapazia mazito. Watafiti wa ulinzi wa Kanada wamepima usingizi na melatonini ya wakazi wa Alert katika majira yote mawili, maana kituo hicho ni mojawapo ya mahali pachache ambapo jambo hili linaweza kuchunguzwa kwa watu wenye afya wanaofanya kazi za kawaida. Taa kali inayotumiwa kwa saa maalumu ni njia inayojulikana ya kuirudisha saa ya mwili kwenye ratiba, ingawa ikitumiwa saa isiyofaa inaweza kuisukuma upande usiotakiwa.

Kutoka hapo ndipo mtu anaona uhusiano wa usingizi na ari. Aliyelala vibaya kwa wiki tatu huwa mwepesi wa hasira, husahau, hula ovyo, na hupenda kujifungia chumbani. Akijifungia, hukosa mlo wa pamoja. Akikosa mlo wa pamoja, wenzake huanza kumtafsiri vibaya. Na tafsiri hiyo humfikia na kumfanya azidi kujitenga. Mzunguko huo hauhitaji mtu mbaya yeyote ili uanze. Ndiyo sababu ratiba ya kituo, yaani kifungua kinywa kwa saa ileile, kazi kwa saa ileile na mazoezi kwa saa ileile, ni zaidi ya desturi ya kijeshi ya kupenda nidhamu. Inashika nafasi ya jua.

Jiko linastahili kutajwa hapa kwa heshima. Katika kituo cha namna hii mpishi ana mchango mkubwa katika afya ya akili ya watu kuliko inavyoandikwa kwenye mkataba wake, kwa sababu chakula ndicho kitu pekee kinachobadilika kila siku mahali ambapo mandhari, hewa na nyuso hazibadiliki. Siku ya mboga mbichi na matunda hujulikana na kila mtu, maana hutegemea ndege. Mbali na chakula, kuna ukumbi wa mazoezi, kuna mahali pa kukutana jioni, na kuna redio ndogo ya FM, CHAR, inayosikika kwenye masafa ya 105.9 na kuendeshwa na wakazi wenyewe kwa kujitolea. Mtu anaweza kushangaa redio ya watu wachache hivyo ina faida gani wakati kila mmoja ana muziki wake mfukoni. Nadhani faida yake ni kwamba humpa mtu nafasi ya kuwachagulia wenzake kitu cha kusikiliza, na wenzake humsikia akiwa katika sura tofauti na ile ya cheo chake.

Suala la mawasiliano na nyumbani lina fizikia yake, na fizikia hiyo inatugusa watu wa Afrika Mashariki kwa namna isiyotarajiwa. Setilaiti nyingi zinazorusha simu na televisheni zimewekwa juu ya mstari wa ikweta, kwenye kimo cha takriban kilomita 35,786, ambako huzunguka sambamba na dunia na hivyo huonekana kana kwamba zimesimama. Dishi la Kampala au Nairobi linaweza kuelekezwa karibu wima kuangalia setilaiti ya namna hiyo. Kadiri mtu anavyosogea kaskazini, setilaiti hiyohiyo huonekana ikishuka kuelekea upeo wa macho, na baada ya latitudo ya takriban nyuzi 81 hufichwa kabisa na mviringo wa dunia. Alert ipo nje ya mpaka huo. Katika miaka ya 1980 jeshi lilitatua tatizo hilo kwa kujenga mlolongo wa mitambo ya mawimbi ya maikrowevu juu ya vilele vya milima, kutoka Alert hadi Eureka, karibu kilomita 480 kusini-magharibi, ambako setilaiti bado huonekana kwa shida juu kidogo ya upeo. Kila kiangazi mafundi hupelekwa kwa helikopta kwenye vilele hivyo kukagua mitambo na kubadilisha betri ambazo zitalazimika kustahimili majira ya giza. Kwa hiyo mazungumzo ya askari na mtoto wake yamekuwa yakiruka kutoka kilele hadi kilele kisicho na mtu, na betri iliyochoka mahali fulani mlimani inaweza kulinyamazisha eneo zima.

Ndege ni uzi wa pili unaowaunganisha na dunia. Safari za mizigo hutoka Trenton, na mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika kwa majani, hufanyika operesheni kubwa iitwayo Boxtop, ambapo ndege huenda na kurudi mfululizo kati ya Alert na kambi ya Marekani ya Pituffik huko Greenland, zamani ikiitwa Thule, zikibeba mafuta na bidhaa kavu. Tarehe 30 Oktoba 1991 ndege moja ya operesheni hiyo, aina ya Hercules, iliyokuwa na watu 18 na shehena ya mafuta, iligonga ardhi ikiwa imebakiza takriban kilomita 16 kufika uwanjani. Wanne walikufa wakati wa ajali. Waliosalia walingoja katika giza na dhoruba kwa zaidi ya saa 30 kabla ya waokoaji kuwafikia, baadhi kwa parashuti na wengine kwa magari ya theluji kutoka kituoni, na rubani wao alikufa kwa baridi kabla msaada haujafika. Watu 13 waliokolewa.

Tukio hilo linafundisha umbali kwa namna ambayo ramani haiwezi. Kilomita 16, ambazo kwingine mtu angezitembea kwa nusu siku, zilitosha kuwatenganisha watu na msaada kwa zaidi ya siku nzima. Kila anayepangiwa Alert anajua kwamba ndege ikichelewa ni kwa sababu rubani amekataa kubahatisha, na wanaojua sababu hiyo hustahimili ucheleweshaji vizuri zaidi. Hata hivyo ucheleweshaji unauma, hasa kwa mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Kamanda mwenye busara hatangazi siku ya ndege mapema kwa uhakika asionao, kwa sababu ahadi iliyovunjwa na hali ya hewa humchosha mtu kuliko kungoja kusikokuwa na ahadi.

Wanasaikolojia wanaochunguza maisha ya kutengwa wameligusa jambo hilo kutoka upande mwingine. Mwaka 1991 Robert Bechtel na Amy Berning walieleza kwamba hali ya moyo huelekea kushuka katika robo ya tatu ya muda wa kukaa, uwe ni mwaka au miezi michache: mtu amekwisha kuvuka nusu, msisimko wa kufika umekwisha, na mwisho bado haujakaribia vya kutosha kumpa nguvu. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na wapo watu ambao hawaoni mshuko wowote, lakini wazo hilo linafaa kwa kupanga kazi. Pale ambapo watu hawafiki wote siku moja, hawaingii wote katika robo hiyo kwa wakati mmoja, na kituo huwa na waliofika juzi wakiwa bado na hamu, pamoja na wanaokaribia kuondoka wakiwa na subira.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja ambalo askari wa Alert analo na wengine waliopelekwa kaskazini hawakuwa nalo. Nchini Kanada, makazi ya Wainuit, yaani wenyeji wa asili wa Aktiki, yaliyo karibu zaidi na Alert ni Grise Fiord, karibu kilomita 800 kusini, katika kisiwa hichohicho. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1953, wakati serikali ya Kanada ilipozihamisha familia za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, na kuzipeleka huko na mahali pengine pa kaskazini ya mbali paitwapo Resolute. Inukjuak ipo kwenye latitudo ya takriban nyuzi 58, ambako jua huchomoza kila siku ya mwaka, na watu hao hawakuwahi kuishi katika giza la miezi. Waliahidiwa kwamba wangeweza kurudi baada ya miaka miwili wakitaka, na ahadi hiyo haikutimizwa. Serikali iliomba radhi rasmi mwaka 2010. Mtu anayezungumzia ari katika Aktiki na kuwaacha watu hao nje ya maelezo hajaielewa mada yake, kwa kuwa giza lilikuwa la aina ileile na baridi ileile, ilhali tofauti kati ya ugumu unaovumilika na jeraha la vizazi ilikuwa katika hiari ya kwenda na uhakika wa kurudi.

Sasa hali ya mawasiliano inabadilika. Makundi mapya ya setilaiti zinazoruka chini na kupita juu ya ncha za dunia yanaweza kufikisha intaneti ya kasi hata mahali ambako setilaiti za ikweta hazionekani, na ni vigumu kumpinga anayetaka kumwona mtoto wake usoni kila jioni. Lakini habari ya kwamba mtoto amelazwa itafika kwa sekunde, wakati ndege ya kumrudisha mzazi itaendelea kusubiri upepo utulie. Vilevile, kila saa anayoitumia mtu chumbani akizungumza na walio kusini ni saa anayokosekana katika bwalo la chakula, miongoni mwa watu wachache ambao, jenereta ikishika moto, ndio watakaokuja kumtoa. Hakuna kituo kinachoweza kumaliza mvutano huo kwa kanuni ya maandishi. Wasimamizi wa vituo kama hivi watalazimika kuamua wenyewe, pamoja na watu wao, ni saa zipi za jioni ziwe za nyumbani na zipi ziwe za meza ya pamoja, na kuuangalia upya uamuzi huo kila zamu mpya inapofika.